Tarehe ya Mlangoni

Rebero, Kigali
Jumapili, 16 Machi 2025

Mjomba wangu Cassien,

Shikamoo. Ni Mutesi, binti wa dada yako, nakuandikia baada ya misa, mvua ikiwa imetufungia ndani. Sisi ni wazima. Mume wangu Eddie bado analalamikia goti lake, na sasa kwa kuwa njia yetu ya mlimani inateleza, pikipiki zinamshusha chini kabisa barabarani, naye anapanda kwa miguu huku akimlaumu kila mtu isipokuwa mvua. Keza ametimiza miaka tisa. Anakusalimia, ingawa anakujua kwa picha moja tu, ile uliyoshika ndama.

Najua simu yako imebaki kuwa saa tangu masikio yakuache. Ndiyo maana barua hii nimempa Swafiya, mama wa vitenge pale soko la Kimironko. Kila mwezi anavuka mpaka wa Rusumo kwenda kununua mchele, na amekubali kufika hadi kwako Kayanga. Mpe jibu yeye.

Nina jambo la kukuuliza wewe kama bwana mifugo. Jirani yetu Annah alihamia Kampala mwaka jana akatuachia mbwa wake jike, Kito. Eddie alikubali kabla ya kuniuliza. Unanijua, Mjomba. Tangu yule mbwa wetu wa kule Kayanga amng'ate mdogo wangu Norman, na Norman akatutoka, sijawahi kuishi nyumba moja na mbwa. Miaka thelathini na miwili. Sasa Kito amezaa watoto wanne na Keza habanduki pale stoo. Analala akiwataja majina.

Nimeamua sitawatupa. Lakini nataka kila kitu kifanyike kwa wakati wake, bila siku moja kupungua. Watoto wa mbwa wachanjwe lini? Mara ngapi? Ya kichaa cha mbwa ni lini? Tarehe yao ni 9 Januari. Nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, kama Baba alivyokuwa akiandika kwenye mlango wa zizi. Niandikie ratiba, nitaifuata neno kwa neno.

Kuna jambo jingine nimekuwa nikitaka kukuandikia kwa miaka mingi. Leo pia sitaliandika.

Mpwa wako,
Mutesi

*

Kayanga, Karagwe
5 Aprili 2025

Mpwa wangu Mutesi,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisomea dirishani kwa ile lenzi ya kukuzia. Mwandiko wako bado umenyooka kama ulivyokuwa darasa la tano, ahsante kwa hilo, maana wengine wananiandikia kama wanakimbizwa. Mimi ni mzima. Ndizi zimezaa vizuri. Kaburi la Norman nimelifyeka na kupanda maua mapya upande wa kichwani, yale ya zamani yalikauka.

Kuhusu mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane. Hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka mtoto afikishe wiki kumi na sita. Usidhani kurudia ni kutafuta kazi. Mtoto anapozaliwa hunyonya kinga ya mama yake kwenye maziwa ya kwanza, na kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu huizima chanjo. Inapungua polepole, na hakuna ajuaye siku inapokwisha kwa mtoto huyu au yule. Kwa hiyo tunarudia, ili mojawapo imkute. Ya kichaa cha mbwa ni wiki ya kumi na mbili, kisha tena mwakani. Dawa ya minyoo wapewe tangu wiki ya pili. Mpaka wamalize, wasitoke getini na wasinuse mbwa wa watu.

Sasa nimehesabu. Kwa tarehe ya mlango wako, leo wana wiki kumi na mbili na siku mbili. Umechelewa, mama, lakini hujapotea. Wapeleke siku utakayopata barua hii, wapate ya kwanza na ya kichaa pamoja.

La mwisho, na hili lishike kuliko yote. Mbwa akimng'ata Keza, hata kama ni huyu wenu, hata kama ana kadi yenye mihuri kumi, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usiangalie kadi. Usiniulize kwa nini.

Hilo jambo jingine ulilotaja, mimi pia ninalo la kwangu. Tuyaache.

Mjomba wako,
Cassien

*

Rebero
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo, na ahsante kwa ratiba. Ahsante zaidi kwa maua ya Norman. Sikujua kwamba ni wewe unayelitunza kaburi miaka yote hii tangu tuhamie Kigali. Nilidhani ni watu wa parokia.

Barua yako ilinikuta wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari, hivyo niliwapeleka ilipokwisha, Jumanne, tarehe 15. Nikawatia kwenye kikapu cha nguo, Keza mbele, mimi nyuma, tukateremka. Daktari wa mifugo ni mwanamke, anaitwa Uwizeye. Mazungumzo nimeyaandika kwenye shajara yangu jioni ile, nakunakilia.

"Hawa wana umri gani, mama?"

"Miezi mitatu na siku chache."

Alimwinua mmoja, akamfungua kinywa, akamtazama kwa muda. Akamfungua wa pili.

"Basi hawa ni wazee waliosahau kuota meno. Nani alikwambia miezi mitatu?"

"Mjomba wangu. Alikuwa bwana mifugo Tanzania, miaka thelathini na moja."

"Yeye aliwaona?"

"Hapana. Alihesabu kwa tarehe niliyompa."

"Na wewe tarehe uliitoa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango wa nani?"

Hapo hata mwenye paka aliyekuwa kwenye benchi aliangua kicheko. Ikabidi nieleze. Mjomba, tarehe 9 Januari ni siku ile mbwa wa Bwana Munyaneza aliporuka ukuta akampanda Kito. Watoto wenyewe wamezaliwa tarehe 13 Machi. Nilikuwa naandika kama Baba alivyoandika ng'ombe wake: siku ya kupandishwa, siyo siku ya kuzaa. Yeye alisema siku ya kuzaa inajileta yenyewe, ya kuandika ni ile nyingine. Nilikua nikiona hivyo mlangoni, sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaandika vingine. Nilidhani na wewe unajua.

Daktari hakuwachanja. Alisema wana wiki nne na siku tano, bado wanalindwa na maziwa ya mama, na sindano ya leo ingekuwa ya bure, tena mbaya zaidi, kwa sababu ningerudi nyumbani nikidhani nimemaliza. Tunarudi tarehe 8 Mei, wakitimiza wiki nane.

Eddie amepata la kusema mwezi mzima. "Mjomba wako hodari," ananiambia, "anawachanja wakiwa bado tumboni." Usichukie, ndivyo anavyoonyesha kwamba anakupenda. Mimi niliona haya kidogo, lakini hakuna kilichoharibika.

Mutesi

*

Rebero
Jumapili, 25 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Swafiya amerudi bila barua yako. Nilimfuata sokoni, nikamkuta anakunja vitenge.

"Nilimupatia mukononi, dada," aliniambia. "Akasoma palepale, akasoma tena. Halafu akakaa chini kwenye jiwe. Nikamwambia kwa kelele sikioni, muzee, nangoja jibu. Akasema, wewe nenda tu."

"Anaumwa?"

"Mwili iko sawa. Lakini ile sura, dada, mimi hapana kupenda."

Kama nimekukosea, Mjomba, nisamehe. Habari ya daktari na meno niliiandika ili ucheke, sikutaka kukudharau. Kama ni Eddie, nimemkanya.

Watoto walipata sindano ya kwanza tarehe 8. Mmoja tu alilia, na Keza alilia kuliko yeye. Tarehe 5 Juni watapata ya pili pamoja na ya kichaa. Watatu wameshapata nyumba za kwenda wakimaliza: mmoja Ndera kwa mkulima mwenye mbuzi, wawili hapahapa Rebero. Wa nne, mwenye sikio jeusi, hana mtu. Keza anamwita Maneno kwa sababu hanyamazi.

Naomba uniandikie hata mstari mmoja.

Mutesi

*

Kayanga
8 Juni 2025

Mutesi, mwanangu,

Hujanikosea. Ondoa hilo moyoni kabla hujasoma yanayofuata. Na Eddie mwambie nilicheka, ila nilicheka wiki ya tatu.

Kahawa tumeanza kuvuna. Mwaka huu miti yenyewe imechoka kama mimi. Sasa sina habari nyingine ya kukuzuia nayo.

Nilipofika mahali ulipoandika siku ya kupandishwa, nilikaa chini kwenye jiwe, nikaanza kuhesabu. Kadi ya yule mbwa wenu, Popi, ninayo mpaka leo. Nilimwomba baba yako anipe baada ya mazishi, na alinipa bila kunitazama. Imeandikwa kwa mkono wangu: amezaliwa 18 Machi, amechanjwa kichaa 20 Juni 1992. Ile 18 Machi niliitoa kwenye mlango wa zizi la shemeji. Sikumuuliza. Mlango ulikuwa na tarehe, chini yake jina la mama wa Popi, nikanakili. Wiki kumi na tatu, nikaridhika.

Lakini kama shemeji aliandika mbwa kama alivyoandika ng'ombe, Popi siku ile alikuwa na wiki nne na siku chache. Umri uleule wa watoto wako ulipowapeleka na ratiba yangu. Nilimwona mdogo, nikadhani ni minyoo, nikaacha na dawa ya minyoo. Alikuwa ndani ya gunia asitung'ate, nikachoma begani. Kinywa sikukifungua.

Sasa nikwambie kile ambacho sijamwambia hata mke wangu, Mungu amrehemu. Siku ile, kabla ya kufika kwenu, nilipita kwenye arusi ya rafiki yangu. Nikanywa pombe ya ndizi. Sanduku la chanjo nililiacha juani kwenye baiskeli kwa saa mbili. Kwenu nilichomoa chupa upesi, kichwa kizito, sikumbuki niliona nini ndani. Nilipofika nyumbani na kufungua sanduku, nilikuta maji matupu. Norman alipong'atwa, mama yako alitaka kumpeleka hospitali. Baba yako akatoa kadi yangu, akasema, "Shemeji ameshamchanja huyu." Wakasubiri.

Miaka yote nimejua kwamba niliwachomea maji ya moto na kuyaita dawa. Ndiyo sababu sikuja Kigali kumzika dada yangu. Nilipanda basi, nikashuka Benako, karibu na mpaka, nikarudi. Nilishindwa kusimama mbele ya mama wa Norman, hata akiwa ndani ya sanduku.

Sasa sijui niamini kipi. Pengine chanjo ilikuwa nzima na mbwa alikuwa mdogo mno. Pengine vyote viwili. Waliojua wamekufa. Sikuombi kitu. Nimeona tu kwamba nisipokuandikia wewe, hakuna mwingine nitakayemwandikia.

Cassien

*

Rebero
Jumapili, 29 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya siku ile ulipogeuka Benako. Mama alikungoja. Hakukungoja kwa hasira. Wiki yake ya mwisho aliniuliza kama una shati zito, kwa kuwa huku mlimani usiku kuna baridi.

Waliojua hawajafa wote. Mimi nilikuwapo.

Unakumbuka siku ile ulinipa nini? Shajara ya ofisi ya mifugo, jalada la kijani. Ndiyo ya kwanza katika zile ninazoandika mpaka leo, nazo sasa zimejaza sanduku zima chini ya kitanda. Ukurasa wake wa kwanza ni siku hiyo. Sijaufungua tangu Norman afe, na nitakwambia sababu. Nimeufungua jana. Nakunakilia wote, pamoja na makosa ya mtoto wa miaka kumi na mmoja:

"Jumamosi tarehe 20 Juni 1992. Mjomba amekuja kuchanja mbwa. Amenipa shajara hii na amesema niandike kila siku ukweli tupu. Watoto wa mbwa wameanza kutembea lakini wanaanguka anguka na Norman anawacheka. Popi anaenea kwenye viganja vya Norman. Norman amemtia kwenye gunia. Mjomba alipokwenda kunawa mikono kabla ya kumchoma Popi nilifungua sanduku lake nikaiba barafu. Kilikuwa kipande kikubwa kama yai na kulikuwa na vingine vingi. Kilinichoma ulimi. Sitamwambia."

Ndilo lile jambo, Mjomba. Nilifungua sanduku lako na sikulifunika vizuri. Baba alipotoa ile kadi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia "Shemeji ameshamchanja." Norman alipokufa, watu wazima walinong'ona kwamba dawa iliharibika, labda ilipata joto. Nikajua ni mimi. Nikajua niliingiza joto kwa ajili ya kulamba barafu. Nimekua na hilo, nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Nilikuwa namkataza Keza mbwa, kumbe nilikuwa najikataza mimi.

Juzi nilimuuliza Daktari Uwizeye, bila kutaja mtu. Je, sanduku la chanjo likifunguliwa na mtoto kwa dakika moja, likiwa na barafu nyingi, dawa inaharibika? Akanitazama kama siku ile ya meno. "Mama, mimi hulifungua mara arobaini kwa siku." Kisha nikamuuliza kuhusu mbwa wa wiki nne anayechanjwa kichaa mara moja tu na hakurudiwa. Akasema hapo mtu asingekuwa na sababu ya kuitegemea kadi.

Kwa hiyo soma tena, polepole, pale dirishani. Barafu ilikuwapo. Ulipofika kwetu, baada ya arusi, baada ya jua, ilikuwapo vipande vingi. Kama ulikuta maji nyumbani, yaliyeyuka njiani baadaye. Hukumchoma Popi maji ya moto. Na Popi alikuwa bado anaanguka anguka akitembea. Mbwa wa wiki kumi na tatu hakai kwenye viganja vya mtoto wa miaka sita.

Sisemi huna kosa. Ulipaswa kumfungua kinywa. Baba alipaswa kukwambia, na mimi nimefanya kosa lake lilelile nikiwa na shule yangu yote, kwa hiyo siwezi kumlaumu. Lakini lile ulilobeba halikuwa lako, na langu halikuwa langu. Ahsante kwa kuniandikia. Usingeandika, ningekufa nikiwa mwizi wa barafu.

Sindano ya pili na ya kichaa walipata tarehe 5. Ya tatu ni Alhamisi, 3 Julai, wiki kumi na sita kamili, safari hii tangu kuzaliwa. Maneno bado hana mtu.

Mutesi

*

Kayanga
20 Julai 2025

Mutesi, mama yangu,

Barua yako nimeikunja mfukoni, na mfuko umeshaanza kuchanika. Nimeisoma hadi Swafiya akachoka kungoja, akaenda kwanza kununua mchele wake, akarudi leo. Safari hii sikumwambia aende.

Jambo moja linanishangaza kuliko mengine. Nilikupa shajara ile kwa sababu ofisi ilituletea mbili na sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Sikufikiri hata kidogo. Nikasema "andika ukweli tupu" kwa kuwa ndivyo wakubwa wanavyosema wanapotoa kitu. Ukautii, ukauhifadhi miaka thelathini na mitatu, na sasa umenirudishia.

Ahsante, mwanangu. Ahsante pia kwa barafu uliyoiba. Ungekuwa mtoto mwenye adabu, leo nisingekuwa na shahidi.

Kosa la kinywa nalikubali, na nitalibeba, maana ni langu kweli. Ni zito, lakini lina umbo, najua pa kulishika. Jana nilikwenda kwa Norman nikamsimulia. Nilimsomea ukurasa wote, hata pale anapowacheka watoto wa mbwa.

Maneno asitafutiwe mtu. Sijafuga mbwa tangu 1993, na nyumba yangu ina ukimya wa kutosha mbwa mwenye kelele. Ninakuja kumchukua. Mwambie daktari amwandikie cheti cha chanjo cha kuvukia mpaka. Swafiya amenikatia tiketi, ameapa atarudi kunichukua na kukaa kiti cha pembeni yangu kuanzia hapa mpaka Kigali, na Benako hatanifungulia mlango. Jumamosi, tarehe 2 Agosti. Nitakuja na shati zito.

Nataka unipeleke alipolala dada yangu kabla ya chai. Kisha nionyeshe ule mlango wa stoo. Keza nina shajara yake, hii nimeinunua mwenyewe.

Na Eddie mwambie ajiandae kucheka. Nitamfungua kinywa kila mbwa nitakayemkuta hapo kwenu kabla sijasema neno lolote.

Mjomba wako,
Cassien